Xavery Lohay, Bwana Mifugo wa Dirma na Baba wa Brightness

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, ndugu yetu Xavery Lohay atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili ya utumishi wa umma, na siku hiyohiyo atastaafu kwa mujibu wa sheria. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumikia hapahapa Kata ya Dirma. Watumishi wenzake tumeona si vizuri aondoke kwa soda na picha ya pamoja tu. Mtendaji wetu wa Kata, Bwana Lukasi, aliniita akasema, "Getruda, wewe ndiye umekaa naye ofisi moja muda mrefu. Andika." Basi nimeandika, mimi Afisa Kilimo wenu, na kama kuna mahali nimetia chumvi, mwenyewe atanisahihisha akipewa nafasi ya kusema. Tahadhari: akipewa nafasi ya kusema, huwa haketi upesi.

Xavery alizaliwa Masieda, Wilaya ya Mbulu, mwaka 1965, katika familia ya wakulima wenye ng'ombe. Anasema alijua kukamua kabla hajajua kusoma, na waliosoma naye wanasema kukamua ndiko alikokuwa hodari zaidi. Baada ya sekondari alikwenda chuo cha mifugo, akaajiriwa mwaka 1993, akazunguka vijiji vya Mbulu kwa miaka kumi, kisha akahamishiwa kwetu. Alifika na mkewe Mectilda, watoto wao wawili Felician na Hilda, na baiskeli isiyo na breki.

Wakati huo josho letu lilikuwa limekauka na mbuzi walikuwa wanalala ndani yake. Xavery alikwenda wilayani kuliombea ukarabati mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa getini alianza kumwita Bwana Josho. Lilipojazwa dawa kwa mara ya kwanza, wafugaji walikuja kutazama tu, mikono ndani ya mashuka, hakuna aliyetaka ng'ombe wake awe wa kwanza. Fahali mmoja akagoma mlangoni. Xavery akamsukuma kwa nyuma, fahali akageuka, na aliyeogeshwa wa kwanza siku hiyo akawa bwana mifugo. Alitoka akimwagiwa maji ndoo kwa ndoo, akapangusa macho, akatangaza, "Mimi kupe wangu wote wamekwisha. Anafuata nani?" Watu walicheka mpaka wakasogeza ng'ombe.

Waliofanya naye kazi wanajua pia namna anavyoongea na simu. Hupiga kelele kana kwamba mtu wa upande wa pili yuko ng'ambo ya bonde na upepo unavuma. Ofisini tulikuwa tunajua habari za kila ndama wa Dirma bila kuuliza.

Lakini nikiandika josho na chanjo za mbwa peke yake, nitakuwa nimeandika nusu ya mtu. Nusu nyingine ilianza mwaka 2016.

Mwaka huo Felician alikuwa tayari anafanya kazi ya umeme Babati na Hilda yuko kidato cha nne. Mama Mectilda, ambaye alishagawa nguo za watoto kwa majirani, akapata mimba. Mtoto akazaliwa katika hospitali ya Haydom, msichana, wakamwita Brightness. Siku ya pili daktari aliwaita wote wawili, akawaeleza kwamba mtoto ana sindromu ya Down. Akawaambia hakuna aliyekosea, ndivyo alivyoumbwa tangu tumboni. Atakua, atajifunza, ila polepole kuliko wenzake. Kifua chake kitakuwa dhaifu. Kisha akasema lililokuwa zito zaidi: moyo una tundu, na utahitaji kufanyiwa upasuaji Dar es Salaam akishakuwa na nguvu za kuuvumilia.

Mama Mectilda ameniruhusu kueleza kwamba yeye alilia. Xavery aliuliza, "Daktari, kitu gani kitamsumbua kwanza?"

"Kunyonya. Atachoka haraka, na maziwa yanaweza kumpalia."

"Basi tunaanza na maziwa," akasema Xavery. "Huko kwingine utatuelekeza tukifika."

Hawakufika mbali kabla ya nimonia ya kwanza. Wale mliokuwepo mnakumbuka miaka ile miwili. Mtoto anatoka wodini akiwa na afya, wiki hazijapita nyingi anaanza mafua, mafua yanashuka kifuani, na simu inaita. Nilikuwa naye kwenye kambi ya chanjo siku moja, ng'ombe wamejaa kwenye kibanio, bomba la sindano liko mkononi mwake. Simu ikaita, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akipiga kelele. Mama Mectilda alikuwa amesema maneno machache tu: "Anavuta mbavu." Ndivyo walivyofundishwa hospitali, kwamba mbavu za mtoto zikibonyea anapopumua, msikae nyumbani. Akamkabidhi msaidizi sindano, akawasha pikipiki. Baadaye tukawaona wakipita kuelekea Haydom, Mama Mectilda nyuma, mtoto katikati yao amefunikwa blanketi, na ule upepo wetu wa Julai unawapiga usoni.

Huko wodini ndiko jina la Xavery lilikobadilika. Alikwenda akiwa Baba Felician, akarudi Baba Brightness, kwa sababu manesi walimwita hivyo kila siku na yeye akaitika kila siku.

Sasa niseme jambo ambalo wengine wangependa niliruke. Palikuwa na manung'uniko. Mwaka 2017 ng'ombe wa maziwa wa Mzee Alfredi alishikwa na ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Mzee alimtafuta bwana mifugo, akaambiwa yuko hospitali na mtoto. Aliporudi, ng'ombe alishakufa. Kikao cha kata kilichofuata Mzee Alfredi alisimama, fimbo mkononi, akasema, "Mtendaji, naomba kuuliza. Huyu bwana mifugo ni wa kwetu, au ni wa wodi ya watoto?"

Kuna waliocheka. Xavery akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Ng'ombe wako amekufa nikiwa sipo, na pole yangu haitamrudisha. Lakini mtoto wangu akivuta mbavu tena kesho, nitaondoka tena. Hilo nisiwadanganye. Sasa naomba tuzungumze tufanyeje ng'ombe wasife nikiwa sipo."

Mimi, niliyekuwa natarajia maombi ya msamaha marefu, nilikaa sawa kwenye kiti. Xavery akaeleza kwamba kule hospitali amejifunza kitu kimoja: anayeuona ugonjwa kwanza ni yule anayeshinda na mgonjwa. Mkewe ndiye anayejua kifua cha Brightness kinageuka lini, daktari anauona ugonjwa baadaye, mtoto akishafikishwa kwake. Kwa nini mfugaji asifundishwe vivyo hivyo? Akaomba kila kitongoji kimtoe mtu mmoja, amfundishe kuzitambua tezi zilizovimba chini ya sikio, joto lililopanda, ng'ombe anayejitenga na wenzake, ili apigiwe simu mapema, ugonjwa ukiwa bado mchanga, yeye au mwenzake wa kata jirani.

"Mimi nitajitolea," akasema Mzee Alfredi, bado amenuna. "Ili nione kama hiki unachosema ni kweli."

Alikuwa mwanafunzi wa kwanza na mbishi kuliko wote. Leo vijiji vyote vya kata yetu vina watu hao, na vifo vya ndigana vimepungua kiasi kwamba wataalamu wa wilaya walikuja kuuliza tunafanya nini. Xavery aliwapeleka kwa Mzee Alfredi, wakasomeshwa huko jua likiwa kali.

Mwaka 2018 ikaja nafasi ya Dar es Salaam. Walisafiri kwa basi, wakalala Dodoma kwa ndugu, wakaendelea. Brightness alikuwa mzima wakati wa kuondoka. Walipofika, alikuwa na homa. Madaktari wakampima, wakaona kifua kimeshaingia mafua, wakasema hawawezi kumfungua mtoto wa namna hiyo, ni hatari. Akatibiwa, akaambiwa arudi atakapokuwa na afya na uzito zaidi. Wakarudi Dirma na mtoto mwembamba kuliko walivyoondoka naye.

Nilikwenda kuwapa pole na chupa ya mtindi. Mama Mectilda alikuwa ameketi uani anachambua maharage, mtoto mapajani, wala hakuinua uso.

"Simpeleki tena," alisema. Alikuwa anamwambia mumewe, si mimi. "Tumempeleka mzima, tumerudi na mgonjwa. Kama Mungu anamtaka, amchukulie hapa nikiwa nimemshika, si kwenye siti ya basi."

Nilitamani ardhi inifiche. Nilijua Xavery ni mbishi, nikasubiri hotuba.

"Sawa," akasema. "Hatuendi popote. Kalale."

"Nilale mchana huu?"

"Kalale, Mectilda. Nitamlisha mimi."

Akachukua likizo yake ya mwaka, ambayo kwa kawaida tulikuwa tunamlazimisha kuichukua, akaingia jikoni. Wanaume wenzake walimcheka kidogo, naye hakuwa na nafasi ya kuwasikia. Uji wa ulezi na maziwa, kijiko kidogo, mtoto akiwa ameketi wima, anasubiri ameze ndipo kinafuata kingine. Mwanzoni nusu ya uji ilikuwa inaishia kwenye shati lake. Siku za mwisho za likizo ile alikuwa anamlisha huku anatusimulia habari za kwato, na tone halianguki.

Kisha akageukia nyumba. Aliambiwa moshi unaumiza kifua cha mtoto, akalihamisha jiko la kuni lililokuwa pembeni mwa chumba cha kulala, akalijengea banda lake mbali na dirisha. Akaweka sheria kwamba mwenye kikohozi hambebi Brightness, awe nani. Hilo alilisimamia bila kumwogopa mtu. Paroko wetu alipokuja kuwatembelea akiwa na mafua, alimbariki mtoto kutoka mlangoni. Diwani naye alizuiwa. Mimi nilizuiwa mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ni vumbi tu.

Msidhani mtoto hakuugua. Aliugua. Walilazwa tena Haydom msimu wa baridi, na tena mvua zilipoanza. Lakini sasa walikuwa wanafika mapema, na alikuwa anatoka mapema. Mashavu yakaanza kujaa. Akaanza kukaa mwenyewe, akajua kupiga makofi, na mtu akiingia ndani alikuwa anampigia makofi kama mgeni rasmi.

Mwaka uliofuata, kwenye kliniki ya kawaida, daktari wa Haydom alimsikiliza kifua, akamsikiliza tena, akasema kifua ni kisafi na uzito unatosha. Wakitaka, atapiga simu Dar es Salaam siku hiyohiyo. Xavery alisema watakwenda kufikiri. Njia nzima hakugusia neno, aliniambia baadaye kwamba alikuwa anauma ulimi. Walipofika nyumbani, Mama Mectilda akapanda kwenye stuli, akashusha begi lililokuwa juu ya kabati, akaanza kukunja vitenge.

"Xavery, wewe ulisema hatuendi popote."

"Nilisema."

"Mimi naenda na mwanangu. Kama wewe unabaki na ng'ombe wako, baki."

Anasema katika maisha yake yote ya ndoa hajawahi kufurahi kusemwa kiasi kile.

Kata nzima ilijua siku ya upasuaji. Mzee Alfredi, ambaye tangu waondoke alikuwa anakwenda nyumbani kwao kila asubuhi kumkamulia Mama Mectilda ng'ombe wake, siku hiyo alitoka huko moja kwa moja akaja ofisini, akaketi kwenye kiti cha Xavery, akakataa chai. Bwana Lukasi alijifanya anaandika taarifa ya robo mwaka. Simu yangu ilikuwa mezani, katikati yetu. Ilipoita niliona jina la Xavery, nikapokea, nikaisogeza mbali na sikio kama nilivyozoea. Sikusikia kitu. Nikairudisha. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini sana.

"Getruda, wametoka. Wamemaliza. Tunasubiri aamke."

Hiyo ilikuwa mchana. Kesho yake aliyepiga alikuwa Mama Mectilda, kutoka kando ya kitanda.

"Mdogo wangu," akaniambia, "mwenzenu nimetishika asubuhi. Nilimwekea sikio kifuani nikadhani hapumui. Nikamwita nesi. Nesi akaniambia, mama, mbona anapumua vizuri? Kumbe anapumua kimya. Tangu nimzae sijawahi kumsikia akipumua kimya."

Niliweka simu chini nikawaambia wenzangu. Mzee Alfredi akainuka, akasema, "Haya, nakwenda kumwogesha ng'ombe wake," akatoka haraka, uso ameugeuzia ukutani.

Nisiwadanganye kwamba baada ya hapo mambo yote yalinyooka. Masikio ya Brightness yanajaa usaha mara kwa mara. Ana dawa ya tezi ya shingo anayokunywa kila asubuhi. Mwaka 2021 nimonia ilimrudia, akawekewa oksijeni, na Xavery alishinda wodini akiwa na gambuti zilizojaa matope ya josho kwa sababu hakupata muda wa kubadilisha. Alichelewa kutembea; alipopiga hatua za kwanza, alikuwa na umri ambao wenzake tayari wanafukuza kuku. Lakini alitembea. Aliyemwona siku hiyo ni baba yake, na taarifa tuliipata ofisini bila simu, maana alipiga kelele kutoka nyumbani kwake.

Mwaka jana alianza darasa la kwanza. Mwalimu mkuu alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wake ulikuwa wa mtu mwema: akiugua darasani tutafanyaje? Wazazi walikwenda wote wawili. Mama Mectilda akamweleza mwalimu wa darasa dalili za kuangalia, palepale mbele ya dawati, kwa mfano wa mtoto mwenyewe, ambaye alikuwa anajaribu kula chaki. Xavery akasema, "Mwalimu, wewe utupigie tu. Kufika ni kazi yetu." Wamepigiwa, na wamefika. Brightness sasa anaandika herufi B kubwa kuliko daftari, na anawajua kwa majina wanafunzi wote wa darasa lake, jambo ambalo mwalimu mwenyewe anakiri lilimchukua muhula mzima.

Kitu kimoja anakijua kuliko watoto wote wa Dirma ni heshima. Amefundishwa kwamba mkubwa huamkiwa, na yeye ameelewa mkubwa kwa maana ya umbo. Siku za kuogesha, husimama pembeni mwa josho ameshika mkono wa mama yake, na kila ng'ombe anayepita anapewa "shikamoo" yake. Ndama hapewi. Wafugaji wameshazoea, humwitikia "marahaba" kwa niaba ya mifugo yao.

Hayo ndiyo niliyoyaona katika miaka niliyokaa meza moja na mtu huyu. Ameacha josho linalofanya kazi. Ameacha watu vijijini wanaomtambua ng'ombe mgonjwa kabla hajalala chini. Ameacha pia wazazi wawili wa kata yetu wenye watoto wa hali kama ya Brightness, ambao zamani waliwaweka watoto ndani, na sasa huwapeleka kliniki Haydom kila mwezi, kwa sababu Xavery na Mectilda waliwafuata nyumbani wakawaambia basi linaondoka saa ngapi.

Juzi Bwana Lukasi alimuuliza kama amepanga kupumzika. Xavery akashangaa. "Kupumzika? Jumatatu tuna kliniki ya masikio. Mvua zikianza nahamishia kitanda chake upande usio na unyevu. Halafu mwaka huu lazima ajue kuogelea hesabu za kujumlisha." Alimaanisha kuelea, au kuelewa, hatukumwelewa, naye hakuwa na muda wa kurudia.

Kwa niaba ya watumishi wote wa Kata ya Dirma, asante Baba Brightness kwa kila ng'ombe uliyemwinua, na asante kwa siku ile uliyotuambia ukweli kikaoni ukiwa umevua kofia. Asante Mama Brightness kwa kutuazima mumeo hata siku ambazo wewe ulimhitaji zaidi. Felician na Hilda, asanteni kwa kumpenda mdogo wenu.

Tunawatakia afya nyumbani kwenu, kifua kikavu wakati wa baridi, na miaka mingi ya amani. Serikali itatuletea bwana mifugo mwingine, nasi tutampokea vizuri. Brightness ana baba mmoja. Nenda kwake, kaka, sasa hakuna wa kukunung'unikia.

Getruda Komba
Afisa Kilimo, Kata ya Dirma